Tofali la saiti limemvunja mke wangu bega: nani anatakiwa kulipa?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mke wangu ana genge la mboga na matunda hapa Dodoma, kando ya barabara ya mtaa. Jirani na genge kunajengwa ghorofa. Miezi miwili iliyopita tofali lilidondoka kutoka juu likampiga begani, akavunjika mtulinga. Lilipofika chini lilimchana mguu, na kwa kuwa ana sukari, kidonda hadi leo hakijafunga. Mwenye jengo anasema kazi alishamkabidhi mkandarasi. Mkandarasi anasema aliyeangusha tofali ni saidia fundi wa kutwa, si mwajiriwa wake, na ameshaondoka. Wote wawili wanasema genge liko kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo hatuna haki. Polisi wametuambia hakuna kosa kwa sababu hakuna aliyekusudia. Sasa mwenye jengo yuko tayari kutupa laki tatu ili tusaini karatasi kwa mtendaji wa mtaa kwamba hatuna madai tena. Je, tuna kesi? Tusaini?

Jibu: Ndugu yangu, pole sana, na unifikishie pole kwa shemeji. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu kila mmoja kati ya hao waliowajibu amewapa ukweli kidogo uliochanganyika na mambo ambayo si kweli. La haraka kwanza: msisaini hiyo karatasi.

Makubaliano ya kumaliza mgogoro ni mkataba kama mikataba mingine. Mtu mzima mwenye akili timamu akisaini kwa hiari yake mbele ya mashahidi, atapata shida kubwa kurudi baadaye na kusema fedha zilikuwa chache. Anaweza kudai kwamba alidanganywa au alishinikizwa, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa nafasi hiyo, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa juu yake. Ninyi kwa sasa hamjui kidonda kitafunga lini, kama bega litarudi kubeba tenga la nyanya, wala dawa zitagharimu kiasi gani mpaka mwisho. Kusamehe deni ambalo hamjalijua ukubwa wake ni hatari. Na sahihi yenyewe si yako. Aliyeumia ni shemeji, na wewe kama mumewe huwezi kumsamehea madai yake bila yeye kuridhia.

Kama fedha zinahitajika leo kwa ajili ya dawa, zipokeeni, ila maandishi yawe hivi: “Nimepokea shilingi 300,000 kama sehemu ya gharama za matibabu. Malipo haya hayaondoi madai yangu mengine yanayotokana na ajali hii.” Mwenye nia njema hatayakataa maneno hayo. Akiyakataa, basi alichotaka kukinunua ni ukimya wenu, si dawa.

Kuhusu polisi, walichowaambia hakiko sawa hata kwa upande wa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina makosa ya vitendo vya uzembe na vya kutojali vinavyohatarisha maisha ya mtu au kumdhuru, na makosa hayo hayahitaji kukusudia. Lakini tuseme polisi hawataendelea na jalada. Madai yenu ya fidia hayatikisiki kwa hilo. Jinai ni Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na ushahidi lazima usiache shaka ya maana. Madai ni shemeji dhidi ya aliyemdhuru, na hakimu anapima upande upi una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Watu wengi wenye haki zao hurudi nyumbani kutoka kituo cha polisi wakidhani mlango umefungwa, kumbe walibisha mlango mmoja tu kati ya miwili.

Sasa tuingie kwenye uzembe wenyewe. Hakuna sheria moja ya Bunge yenye kichwa cha “uzembe” ambayo ningekuelekeza uisome. Msingi wake ni sheria ya mazoea ya Uingereza, yaani sheria iliyojengwa na hukumu za majaji, tuliyoipokea kwa mujibu wa sheria inayohusu matumizi ya sheria nchini, Sura ya 358, inayotaja tarehe 22 Julai 1920 kuwa kikomo cha mapokezi hayo. Hukumu za Uingereza za baada ya tarehe hiyo hazizifungi mahakama zetu, ila huzishawishi, na baadhi yake zimekuwa nguzo huku kama zilivyo kule. Ndiyo maana hapa nitataja watu wa Scotland na Liverpool katika jambo lililotokea Dodoma.

Anayedai uzembe anapaswa kuonyesha mambo manne: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba aliuvunja wajibu huo, kwamba kuuvunja ndiko kulikoleta madhara, na kwamba madhara yenyewe ni ya aina ambayo mtu mwenye busara angeweza kuyatarajia. Likikosekana moja, kesi inaanguka. Sitayapa nafasi sawa, kwa sababu katika kesi yenu hayana uzito sawa.

Wajibu wa uangalifu una historia nzuri, na inamhusu shemeji moja kwa moja. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mkahawa mmoja wa mji wa Paisley, Scotland, mwanamke aitwaye May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, hivyo kilichomo hakikuonekana. Alishakunywa sehemu, na rafiki alipommiminia iliyobaki, pakatoka mabaki ya konokono aliyeoza, kwa maelezo yake. Akaugua. Tatizo lilikuwa kwamba hakuwa na mkataba na yeyote, kwa maana soda hakuinunua yeye, na mtengenezaji, David Stevenson, alikuwa hamjui kabisa. Mwaka 1932 majaji wa House of Lords, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, watatu kwa wawili, waliamua kwamba mtengenezaji alikuwa na wajibu kwake hata bila mkataba. Lord Atkin alilitafuta jibu katika swali ambalo mwanasheria alimwuliza Yesu kwenye Injili ya Luka: “Na jirani yangu ni nani?” Akasema kwamba kisheria jirani yako ni mtu ambaye anaguswa na kitendo chako kwa ukaribu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria kabla hujatenda au kabla hujaacha kutenda.

Pima hapo. Unapandisha matofali ghorofa ya pili, na chini yako, hatua chache tu, mama ameketi na mboga zake kila siku tangu asubuhi. Je, ulipaswa kumfikiria? Sidhani kama kuna hakimu atakayesita. Hakuna haja ya mkataba, ujamaa wala kufahamiana kwa jina. Mpita njia asiyejulikana ni jirani wa anayejenga juu ya kichwa chake. Tena si mazoea ya mahakama peke yake yanayosema hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inasimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ilitungwa kuwalinda wafanyakazi pamoja na watu wasio wafanyakazi wanaoweza kudhurika na shughuli za mahali pa kazi.

Jambo la pili, kuvunja wajibu, hupimwa kwa kipimo cha mtu mwenye busara katika nafasi ile. Sheria haimdai mtu ukamilifu. Kuna kesi ya mwaka 1951 ambapo mpira wa kriketi ulivuka uzio ukampiga mwanamke aliyekuwa barabarani nje ya uwanja. Ilithibitika kwamba mipira ilivuka hivyo kama mara sita tu katika miaka thelathini hivi. Majaji walisema hatari ilikuwa ndogo mno, hivyo klabu haikuwa na uzembe. Mwanamke yule aliumia kweli, na bado hakulipwa. Ninakueleza hili ili ujue kwamba kuumia peke yake hakutoshi, na wakili atakayekuahidi ushindi kwa sababu tu shemeji ameumia hajakutendea haki.

Lakini tofali la saiti si mpira wa kriketi. Kudondoka kwa vitu ni hatari ya kila siku kwenye ujenzi wa ghorofa, na kinga yake inajulikana na kila mkandarasi: uzio wa mabati, wavu kwenye mirunda, ubao wa pembeni juu ya jukwaa ili tofali lisiteleze, mtu wa kusimama chini wakati wa kupandisha mzigo. Kadiri hatari ilivyo kubwa na kinga ilivyo rahisi, ndivyo asiyeiweka anavyokuwa mzembe zaidi. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo wakili wenu atauliza ni hili: siku ile kulikuwa na wavu? Kulikuwa na uzio?

Pengine utasema, lakini sisi hatukuwa juu, tutajuaje kilichotokea kule? Hofu hiyo ni ya haki, na sheria iliifikiria zamani. Mwaka 1863 ilisikilizwa kesi ya mtu aliyekuwa akipita mtaani Liverpool, pipa la unga likamwangukia kutoka dirisha la ghala. Hakuweza kueleza liliangukaje. Majaji walisema mapipa hayatoki maghalani yenyewe. Hali ya tukio inaonyesha uzembe, na ni mwenye ghala anayepaswa kueleza. Kanuni hiyo inatumika pale kitu kilichodhuru kilikuwa chini ya uangalizi wa mdaiwa, na tukio ni la aina isiyotokea watu wakiwa waangalifu. Tofali lililotoka kwenye saiti iliyo mikononi mwa mkandarasi linaingia humo vizuri sana. Haina maana kwamba mdaiwa ameshashindwa. Ina maana hawezi kukaa kimya akasema “thibitisheni.” Atatakiwa kueleza, na maelezo yake yatapimwa.

Tufike sasa kwenye mchezo wa kurushiana mpira kati ya mwenye jengo, mkandarasi na saidia fundi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo nataka usikate tamaa.

Saidia fundi mwenyewe anawajibika kwa uzembe wake, lakini kumdai ni kujichosha: hapatikani, na akipatikana hana kitu. Sheria inalijua hilo. Mwajiri hubeba uzembe wa mtumishi wake aliofanya akiwa kazini, hata kama mwajiri hakukosea lolote. Mkandarasi anasema huyu si mwajiriwa, ni wa kutwa. Mahakama haitosheki na jina ambalo watu wamelipa uhusiano wao. Itauliza nani alimwita asubuhi, nani alimpangia kazi, nani alimwonyesha pa kuweka tofali, zana zilikuwa za nani, nani alimlipa jioni, nani angeweza kumwambia “kesho usije.” Majibu yote yakielekea kwa mkandarasi au msimamizi wake, basi malipo ya kutwa hayamtoi kwenye wajibu. Nimeona hoja hii ya “kibarua tu” ikitolewa kwa kujiamini kana kwamba inafunga mjadala. Haifungi.

Zaidi ya hapo, mkandarasi ana uzembe wake mwenyewe usiomhusu kibarua kabisa. Kukosekana kwa wavu na uzio si kosa la saidia fundi. Ni kosa la anayeiendesha saiti. Kwa hiyo hata kibarua angekuwa ameanguka kutoka mwezini, hoja dhidi ya mkandarasi inabaki imesimama.

Mwenye jengo ndiye mgumu kidogo, na sitaki kukudanganya. Kanuni ya jumla ni kwamba ukimpa kazi mkandarasi huru, mwenye ujuzi, anayefanya kwa njia zake, hubebi uzembe wake. Kwa hiyo mwenye jengo hajasema jambo la kipuuzi. Ila kanuni hiyo ina matundu. Tundu la kwanza ni uchaguzi: kama alimpa kazi mtu asiyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, fundi tu wa mtaani aliyeambiwa ajenge ghorofa, basi uzembe wa kuchagua ni wa mwenye jengo. La pili ni usimamizi: kama yeye ndiye ananunua matofali, anafika kila asubuhi, anaamuru wapi paanze na wapi pasubiri, huyo hajakabidhi kazi, yeye ndiye anayejenga. La tatu ni la kale na linawafaa. Mwaka 1899 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya simu iliyokuwa ikiweka nyaya mtaani. Kazi ya kuunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa ilipewa fundi wa nje, si mtumishi wao. Taa yake ikalipuka, risasi ya moto ikamrukia mpita njia. Kampuni ikajitetea kwamba fundi alikuwa huru. Ikashindwa. Majaji walisema anayefanyisha kazi kwenye njia ya umma, ambayo isipofanywa kwa uangalifu itawahatarisha wapita njia, hawezi kuuhamisha wajibu wake kwa kumlipa mtu mwingine. Jengo lililomwangushia shemeji tofali liko kando ya barabara na si juu yake hasa, hivyo upande wa pili utajaribu kutofautisha kesi hizi. Lakini tofali liliishia barabarani, na hoja ni nzuri kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo wadaini wote wawili katika kesi moja, mkandarasi na mwenye jengo. Ukimdai mmoja tu, atasimama na kumnyooshea kidole asiyekuwepo. Wakiwepo wote, kila mmoja akijitetea anatoa ushahidi dhidi ya mwenzake. Na mahakama ikiwakuta wote wamehusika, shemeji anaweza kukaza hukumu, yaani kudai ilipwe, kwa yeyote mwenye uwezo wa kulipa. Kugawana mzigo kwa haki ni shauri lao wenyewe. Muulizeni pia mkandarasi kama mradi una bima. Wengi wa wakandarasi waliosajiliwa huwa nayo, na kesi yenye bima nyuma yake mara nyingi huishia kwenye makubaliano ya maana.

Halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi nisingeigusa. Lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na bado itakuwa vigumu kuonyesha kwamba kibali ndicho kilichoangusha tofali.

Hoja ya hifadhi ya barabara inauma kwa sababu ina chembe ya ukweli. Kama genge limewekwa pasipo ruhusa, mamlaka ya barabara inaweza kuwaondoa kwa kufuata utaratibu. Haki hiyo ni ya mamlaka ya barabara. Mkandarasi hakukabidhiwa, na hata mamlaka yenyewe haikuruhusiwa kuwaondoa kwa matofali. Mtu hapotezi ulinzi wa sheria ya uzembe kwa sababu tu amekaa pasipo kibali. Kwa kweli hoja hii inawadhuru wanaoitoa: wakisema walijua genge lipo pale isivyo halali, wamekiri kwamba walijua kuna mtu chini.

Ila ipo sehemu yake inayohitaji jibu zito, nayo ni uchangiaji, yaani aliyeumia kuchangia mwenyewe kuumia kwake. Zamani hali ilikuwa kali sana. Katika kesi ya mwaka 1809, mtu aliyeendesha farasi kwa kasi akajigonga kwenye mti ulioachwa barabarani alikosa kila kitu, kwa sababu naye hakuwa mwangalifu. Siku hizi Sura ya 310 ya sheria zetu inaruhusu lawama kugawanywa. Mahakama ikiona aliyeumia alichangia, inapunguza fidia kwa kadiri ya mchango wake, haiifuti. Kwa hiyo ni muhimu sana kujua: genge lilikuwepo kabla ya ujenzi kuanza, au lilikuja baadaye? Shemeji aliwahi kuambiwa ahame kwa sababu za usalama? Aliambiwa na nani, mara ngapi? Kama genge lina miaka pale na saiti ilikuja kulikuta, sioni mchango wa maana. Kama alionywa mara kwa mara kwamba leo tunapandisha mzigo, naye akabaki, tarajieni hakimu kukata sehemu. Hata hapo, aliyeonya na kuona hakusikilizwa alikuwa na njia nyingine: kusimamisha kazi upande ule, au kufunga wavu. Kibao cha “Hatari, hatuhusiki” kwenye lango la saiti hakisaidii kitu kwa mtu aliye nje barabarani.

Tuje kwenye sukari, maana najua watalitumia. Watasema tofali lilisababisha mchubuko tu, na kidonda kisichopona ni cha ugonjwa. Hapa kuna maswali mawili tofauti. La kwanza ni la chanzo: kama tofali lisingedondoka, kidonda kingekuwepo? Kipimo hiki kina meno. Katika kesi moja ya Uingereza ya miaka ya 1960, mlinzi wa usiku alikwenda hospitali akitapika baada ya kunywa chai, daktari akakataa kumwona, akafa baada ya saa chache. Ikagundulika chai ilikuwa na sumu ya aseniki, na kwamba hata angehudumiwa, tiba isingewahi kumwokoa. Daktari alikosea, lakini kosa lake silo lililoua, na madai yakashindwa. Kwenu jibu ni tofauti: bila tofali, hakuna kidonda. La pili ni la ukubwa wa madhara, na sheria inasema tangu zamani kwamba unampokea mtu uliyemdhuru jinsi alivyo. Ukimgonga mwenye mifupa dhaifu, unalipia mfupa uliovunjika, hata kama mwingine angetoka na uvimbe tu. Mwenye sukari haadhibiwi kwa kuwa na sukari.

Lakini aliyeumia naye anatakiwa asiache madhara yakue kwa makusudi. Kama shemeji aliacha dawa zake, au alikaa wiki kadhaa kwa mganga wa kuunga mifupa kabla ya kwenda hospitali, itaulizwa. Mweleze wakili wenu ukweli wote mapema. Jambo baya linalojulikana na wakili lina tiba. Linalotoka kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu halina.

Fidia yenyewe ni ya aina mbili. Hasara mahususi ni ile inayohesabika: dawa, eksirei, nauli za kliniki, mapato yaliyopotea, mtu wa kumsaidia nyumbani. Mahakama ya Rufani ilishasema, katika hukumu ya mwaka 1992 inayonukuliwa mpaka leo, kwamba hasara hizi lazima zitajwe bayana kwenye madai na kuthibitishwa moja moja. Risiti isiyokuwepo ni fedha isiyokuwepo. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyoharibika ladha yake, na kiasi chake kimo ndani ya busara ya hakimu. Yeyote anayekutajia kiwango kamili cha fidia ya jumla leo anabahatisha.

Mapato ndiyo yanayowashinda watu wa biashara ndogo. Shemeji hana hati ya mshahara. Ana nini basi? Kama ana daftari la mauzo, litunzeni lilivyo, msiliandike upya. Miamala ya simu ya kulipia mzigo inaweza kuchapishwa. Mtu wa sokoni anayemuuzia nyanya kwa jumla anaweza kuja kusema alikuwa akichukua tenga ngapi kwa wiki. Kama anarejesha mkopo wa kikoba, marejesho yake yanaonyesha uwezo aliokuwa nao. Mahakama haidai hati ambayo mtu wa kazi ile hawezi kuwa nayo, lakini haiwezi kujaza pengo kwa huruma.

Ushahidi wa tukio unatoweka haraka kuliko wa hospitali, na hapa nawasihi msilale. Jengo likishapigwa lipu na mirunda ikiondolewa, hakuna atakayeamini kwamba hapakuwa na wavu. Pigeni picha sasa, mkiwa barabarani, bila kuingia saiti: jengo lote, upande wa genge, umbali kati yake na genge, na hasa bango la mradi lenye majina ya mkandarasi na mwenye mradi. Kama hakuna bango, hilo nalo ni jambo la kupiga picha. Andikeni majina na simu za majirani walioona, wateja waliokuwepo, dereva wa bodaboda aliyempeleka hospitali. Kumbukumbu za watu zinachuja, na baadhi yao watahama. Fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, tafuteni nakala yake, pamoja na taarifa kamili ya daktari inayoeleza jeraha, tiba, na hali itakayobaki. Namba ya taarifa polisi pia, hata kama jalada halikuendelea.

Muda mnao, ila si wa kuchezea. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii, kuanzia siku ya tukio. Mmeshatumia miezi miwili. Mahakama ya Mwanzo siyo mahali pake; madai ya uzembe yanafunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kabla ya hapo, wakili huandika barua ya madai kwa wote wawili na kuwapa muda wa kujibu, na kesi nyingi hulegea hapo. Zikifika mahakamani, hupelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Kwa hiyo sisemi msipatane na mwenye jengo. Patanani, lakini daktari awe ameshasema mwisho wa kidonda, hesabu iwe mezani, na karatasi isomwe na mtu wa upande wenu kabla ya kusainiwa.

Gharama za wakili zisiwazuie kuanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko kwenye jamii. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu itawaelekeza walioko karibu.

Mkienda, shemeji aende mwenyewe hata kama bega bado limefungwa. Kuna maswali mawili ambayo wewe huwezi kumjibia: alikuwa amekaa wapi hasa tofali lilipodondoka, na je, kuna mtu wa saiti aliyewahi kumwambia ahame.